Nyota Mmoja, Mabeki Wawili: Yapi Kweli, Yapi Si Kweli

Mbajuni wa Kiunga ni shabiki wa Harambee Stars ya Kenya, na binamu yake wa visiwa vya Chula au Koyama ni wa Ocean Stars ya Somalia. Mpaka uliwatenga mwaka 1925, Uingereza ilipoikabidhi Italia Jubaland, lakini mazungumzo ya mpira hayajapata kutengana. Kuanzia Kisimayu, ukapita Birikau na Ras Kiamboni, hadi Faza na Lamu, barazani husikika hoja zile zile kuhusu mshambuliaji nyota: anaisaidiaje timu, akikosekana itakuwaje, asipofunga alaumiwe au asilaumiwe.

Hoja hizo si za kupitisha wakati tu. Ndizo zinazoamua kijana yupi apewe jezi, yupi arushiwe matusi akitoka uwanjani, na yupi achezeshwe na goti bovu kwa sababu watu wamelipia kumwona. Kwa hiyo inafaa zipimwe moja moja.

"Nyota asipofunga, amecheza bure."

Si kweli, na katika hoja zote hii ndiyo inayodhulumu wachezaji wengi zaidi.

Tuanze na hesabu. Ukiwaacha makipa kando, wanabaki wachezaji 10 dhidi ya 10. Kocha wa wapinzani akiamua kwamba mshambuliaji wako hatari akabwe na watu wawili, wenzake tisa wanabaki wakikabiliana na watu wanane. Mmoja wao yuko huru mahali fulani. Huenda ni winga wa upande wa pili, huenda ni kiungo anayeingia kutoka nyuma, huenda ni beki wa pembeni aliyepanda. Kocha anaweza kuchagua nani aachwe huru, lakini hawezi kuzuia asiwepo aliyeachwa.

Tarehe 21 Januari 2024, mjini San Pedro, Ivory Coast, Tanzania ilikutana na Zambia katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Dakika ya 11 nahodha Mbwana Samatta alimtengea Simon Msuva, na Msuva akafunga. Zambia walisawazisha dakika za mwisho kupitia Patson Daka, mechi ikaisha 1-1. Ukiangalia orodha ya wafungaji tu, jina la Samatta halipo. Mtu aliyesoma matokeo kwenye simu bila kuona mechi angeweza kuapa kwamba nahodha hakufanya kitu.

Jambo kama hilo lilikuwa limetokea Cairo tarehe 27 Juni 2019, Kenya na Tanzania walipokutana katika mashindano hayo hayo. Dakika ya sita Samatta alipiga shuti, kipa Patrick Matasi akalitema, na Msuva akawa wa kwanza kuufikia mpira. Takwimu zinasema Msuva. Mabeki wa Kenya waliokuwa wakimtazama Samatta wanajua zaidi ya takwimu.

Lakini hayo ni mabao, na bao angalau huonekana. Kuna faida nyingine isiyoandikwa popote. Chukua mshambuliaji mwenye hatua ndefu na kasi, wa aina ya Michael Olunga wa Kenya. Mabeki wa kati wanaomhofia hawathubutu kusimama karibu na mstari wa katikati, kwa sababu mpira mmoja mrefu ukiwapita hawamfikii tena. Wanarudi nyuma, mita tano, mita kumi. Viungo wao sasa wana mawili ya kuchagua. Wakirudi pamoja na mabeki, timu yako inapanga mpira bila kusumbuliwa hadi karibu na boksi. Wakibaki mbele, unafunguka uwanja mpana kati yao na mabeki, na kiungo wako mchezeshaji anapokea, anageuka, anainua kichwa, anachagua pasi. Olunga wa mfano huu hajagusa mpira hata mara moja. Amesimama tu mahali pake akiwa na sifa zake, na uwanja umebadilika sura.

Ongeza mipira ya kona. Timu nyingi huwapa kazi ya kumkaba nyota mabeki wao hodari zaidi wa mipira ya juu. Waliobaki hukabwa na wafupi, au na winga asiyependa kukaba. Katika mechi ile ya Cairo, Olunga alifunga mabao mawili, na bao la kusawazisha mara ya pili lilitoka kwa kiungo Johanna Omolo kwa kichwa. Kenya ikashinda 3-2. Sisemi bao la Omolo ni la Olunga. Nasema siku ile mabeki wa Tanzania hawakuwa na macho ya kuwatosha watu wote, na Olunga alikuwa ameyachukua mengi.

"Nyota akiondoka, timu imekufa."

Hapa jibu si moja, na mifano yenyewe inavutana.

Mfano unaowatia nguvu wanaosema ndiyo uko Japani. Mwaka 2020 Olunga alicheza Kashiwa Reysol. Alifunga mabao 28 katika ligi kuu ya huko, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa msimu. Timu nzima ilifunga mabao 60 katika mechi 34 na kumaliza nafasi ya saba. Januari 2021 akahamia Al-Duhail ya Qatar. Msimu uliofuata Kashiwa ilifunga mabao 37 katika mechi 38, ikaangukia nafasi ya 15.

Fanya hesabu ya wale wengine. Mwaka 2020, ukitoa mabao ya Olunga, yanabaki mabao 32 katika mechi 34. Mwaka 2021 bila yeye, mabao 37 katika mechi 38. Miaka yote miwili ni karibu bao moja kwa mechi. Watu hupenda kusema kwamba nyota akiondoka, mabao yake yatagawanywa kwa waliobaki. Kashiwa hayakugawanywa. Yaliondoka naye kwenye ndege. Ni haki kutaja pia kwamba katikati ya mwaka 2021 aliondoka Ataru Esaka, mchezeshaji aliyekuwa akielewana sana na Olunga, akaenda Urawa Reds, kwa hiyo shimo halikuwa la mtu mmoja peke yake. Hata hivyo ukubwa wa shimo unaonekana.

Sasa njoo Dar es Salaam. Msimu wa 2022/23 Fiston Mayele aliifungia Yanga mabao 17 ya ligi, sawa na Saido Ntibazonkiza wa Simba, akawa pia mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho la Afrika kwa mabao saba, na Yanga ikafika fainali dhidi ya USM Alger. Kisha akauzwa Pyramids ya Misri. Mashabiki wengi walilia, na walikuwa na sababu.

Kilichofuata ni kwamba Yanga ilitwaa ubingwa tena, na ikafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, ilikotolewa na Mamelodi Sundowns kwa penalti. Stephane Aziz Ki, kiungo, alifunga mabao 21 ya ligi na kuwa mfungaji bora. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga iliifunga Simba 5-1, na mabao hayo matano yalitoka kwa watu wanne: Kennedy Musonda, Maxi Nzengeli mawili, Aziz Ki na Pacôme Zouzoua.

Tofauti ya Kashiwa na Yanga ni ipi? Yanga ya kocha Miguel Gamondi haikutafuta Mayele wa pili. Ilibadilisha mahali mabao yanapotoka. Viungo walianza kuingia boksi kwa zamu, na beki aliyezoea kumtafuta mtu mmoja wa kumganda alijikuta hana wa kumganda. Haikuwa bahati. Walisajiliwa watu wa kazi hiyo, Pacôme na Maxi wakiwa miongoni mwao, kabla ya msimu kuanza.

Wenzetu waliohamia Minneapolis, na kule wako Wasomali wengi mno, wana mfano wao kutoka mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mikononi. Timu ya huko, Minnesota Vikings, ina mpokeaji wa mipira mirefu anayeitwa Justin Jefferson. Mwaka 2022 alidaka mipira 128 na kupata yadi 1,809, zaidi ya mchezaji mwingine yeyote katika ligi. Tarehe 8 Oktoba 2023 aliumia msuli wa paja, na Vikings walikuwa wamepoteza mechi nne kati ya tano. Kila mtu aliwazika. Wakashinda mechi tano mfululizo bila yeye. Mpokeaji chipukizi Jordan Addison aliingia kwenye nafasi, na warushaji wa mipira wakalazimika kutazama pembe zote za uwanja badala ya pembe moja. Mambo hayakuendelea hivyo hadi mwisho wa msimu, na hakuna aliyesema Jefferson asirudi. Ila zile mechi tano zilionyesha kitu: timu iliyofundishwa kutumia nafasi anazofungua nyota inaweza kuzitumia kwa muda hata nafasi hizo zikiwa finyu. Timu iliyofundishwa kumsubiri nyota haiwezi.

"Mfungaji hodari hufunga popote."

Si kweli.

Samatta alikuwa na Genk ya Ubelgiji msimu wa 2018/19, akafunga mabao 23 ya ligi, na timu ikawa bingwa. Novemba 2019 alifunga Anfield dhidi ya Liverpool katika Ligi ya Mabingwa Ulaya. Januari 2020 akahamia Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Alifunga katika mechi yake ya kwanza ya ligi, dhidi ya Bournemouth, na akafunga Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Baada ya hapo, katika ligi, hakufunga tena. Mechi 14, bao moja. Septemba ya mwaka huo alikuwa Uturuki.

Je, miguu yake ilibadilika kati ya Desemba na Februari? Villa ilikuwa inapigana isishuke daraja, ikikaa nyuma muda mrefu, na mashambulizi yake mengi yalipita kwa Jack Grealish upande wa kushoto. Genk ilikuwa timu iliyoutawala mpira, iliyompelekea Samatta krosi za chini na pasi za kupenya mara nyingi katika kila mechi. Mfungaji ni yule yule, timu iliyo nyuma yake ni nyingine kabisa.

Wavuvi wa visiwa vyetu wanalielewa hili kuliko wachambuzi wa televisheni. Wabajuni wa zamani walivua kasa kwa kutumia chazo, yule samaki mwenye kinyonyeo kichwani, aliyefungwa kamba mkiani. Chazo humfikia kasa na kumganda, na hakuna mtu anayeweza kufanya kazi hiyo kwa ustadi wake. Lakini kasa haingii mashuani kwa nguvu za chazo. Anaingia kwa kamba, kwa mtu aliyeshika kamba, na kwa nahodha aliyeileta mashua mahali kasa anapoibuka. Kata kamba, na chazo bado atamganda kasa, ila wote wawili watazama pamoja. Samatta wa Villa aliganda mabeki wawili wiki baada ya wiki. Kamba ndiyo iliyokosekana.

"Mpira wote apewe yeye."

Si kweli, na sababu ni fupi. Wapinzani wanapoweka watu wawili kwa mmoja wanacheza kamari: wanaacha mtu huru wakiamini kwamba hatapewa mpira. Timu inayompa nyota kila mpira inawahakikishia kwamba kamari yao imelipa. Yule mchezaji huru anapaswa kupewa mpira mapema, dakika kumi za mwanzo, na apewe hata kama atapoteza mara ya kwanza na ya pili. Wapinzani wakiona hatari inatoka kwake, mmoja wa wale wawili ataondoka kwa nyota. Hapo ndipo nyota anapofunga.

"Bila nyota timu ndogo haina la kufanya."

Si kweli, na Msomali yeyote anayefuatilia Ocean Stars ana ushahidi.

Tarehe 5 Septemba 2019, katika kufuzu Kombe la Dunia, Somalia iliikaribisha Zimbabwe. Ilibidi wacheze Djibouti, kwa sababu nyumbani hakukuwa na usalama wa kuchezea mechi ya kimataifa. Anwar Sidali Shakunda alifunga bao pekee mechi ikielekea kuisha, na Somalia ikapata ushindi wake wa kwanza kabisa katika mechi za kufuzu Kombe la Dunia. Haikuwa na jina hata moja ambalo mashabiki wa Ulaya wangelitambua.

Mwaka 2025, michuano ya CHAN ilipochezwa Kenya, Tanzania na Uganda, sheria yake iliruhusu tu wachezaji wa ligi za ndani. Kenya haikuwa na Olunga. Iliifunga Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 1-0, ikatoka sare ya 1-1 na Angola, ikaifunga Morocco 1-0 na Zambia 1-0, ikatolewa robo fainali na Madagascar kwa penalti baada ya 1-1. Austin Odhiambo na Ryan Ogam walifunga mawili mawili.

Lakini tazama alama hizo tena. Mechi tano, mabao matano. Hakuna hata mechi moja waliyofunga zaidi ya bao moja. Timu isiyo na nyota inaweza kushinda, ila hushinda kwa bao moja, na mwenye kushinda kwa bao moja kila mara yuko kosa moja tu mbali na sare. Ndiyo maana mimi sikubaliani na wanaosema nyota hahitajiki, kama nisivyokubaliana na wanaosema yeye ndiye kila kitu. Nyota huipa timu nafasi ya kukosea na bado ikashinda.

Somalia yenyewe ilionja upande wa pili wa jambo hili siku tano tu baada ya kuifunga Zimbabwe mwaka 2019. Mechi ya marudiano Harare ilikuwa inaelekea kumalizika na vijana wetu wakiwa wanafuzu kwa bao la ugenini. Katika dakika za nyongeza Khama Billiat akafunga, Zimbabwe ikashinda 3-1, jumla 3-2. Vijana wetu walicheza kwa moyo ambao nitausifu maisha yangu yote. Lakini dakika za nyongeza ndizo miguu inapochoka na beki anapokosa kuona mtu mmoja, na Zimbabwe walikuwa na mtu wa kutumia dakika hizo.

Na pale wapinzani wanapokuwa na nyota wawili, kazi huwa ngumu zaidi ya mara mbili. Oktoba 2025 Algeria iliifunga Somalia 3-0 na kufuzu Kombe la Dunia la 2026: mawili ya Mohamed Amoura, moja la Riyad Mahrez. Ukipeleka watu wawili kwa Mahrez upande wa kulia, unamwachia Amoura uwanja wa kukimbilia. Ukimfuata Amoura, Mahrez anaingia ndani kwa mguu wa kushoto. Hakuna mabeki wa kutosha Somalia, wala katika nchi nyingine nyingi, kufunga milango yote hiyo kwa pamoja.

"Hata akiwa mgonjwa, aingizwe tu, jina lake linatosha."

Wengi huona hii ni nusu kweli. Mimi naiona si kweli, na naona ni hatari.

Nusu iliyo kweli ni kwamba wapinzani watamkaba kwa hofu mwanzoni. Robo saa ikipita, wanaona hakimbilii mipira mirefu, anageuka kwa shida, na yule beki wa pili anaondoka kimya kimya kwenda kusaidia kwingine. Kuanzia hapo timu yako inacheza ikiwa imepungukiwa.

Mohamed Salah aliumia bega tarehe 26 Mei 2018 katika fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Misri ilipoanza Kombe la Dunia la Urusi tarehe 15 Juni alikaa nje, ikafungwa 1-0 na Uruguay. Akarudi mechi mbili zilizofuata. Misri ilipoteza zote tatu. Mabao yake yote katika mashindano yalikuwa mawili, na yote mawili aliyafunga Salah. Hakuna mwenzake aliyefunga hata moja. Jina liliingia uwanjani, nafasi kwa wengine hazikufunguka.

Sasa fikiria kijana wa miaka 17 wa Calanley au Faanoole, mitaa ya Kisimayu, bila daktari wa timu, bila picha ya eksirei, anachezeshwa kwa sindano ya maumivu kwa sababu fainali ya mtaa ni Ijumaa. Kijana huyo anakabwa na watu wawili kila wiki, na kukabwa na wawili maana yake ni kukanyagwa mara mbili zaidi. Mji huu umekwisha kupoteza vizazi vya wachezaji. Kati ya 2008 na 2012 Kisimayu ilikuwa mikononi mwa al-Shabaab, na wakati wa Kombe la Dunia la 2010 wanamgambo walikataza watu kutazama mechi. Walioanza kukua miaka ile walikosa hata kuwaona kwa macho wachezaji wa kuwaiga. Waliopo leo hawafai kuharibiwa na sisi wenyewe. Mwenye goti lililovimba akae nje, hata kama fainali itapotea.

"Hayo ni mambo ya Ulaya, kwenye mchanga wa visiwa hayafanyi kazi."

Si kweli, na kwenye mchanga yanafanya kazi zaidi.

Rudi kwenye ile hesabu ya mwanzo. Maji yakitoka, Koyama au Chovai, mara nyingi hamwezi kupata watu 22. Chukua mechi ya saba kwa saba. Ukimtoa kipa, kila upande una sita. Wapinzani wakiweka wawili kwa nyota wenu, wanabaki watano wenu dhidi ya wanne. Kwenye uwanja mkubwa, mtu aliye huru ni mmoja kati ya tisa, na anaweza kuwa mbali. Hapa ni mmoja kati ya watano, na yuko hatua chache tu. Isitoshe mchanga unachelewesha miguu, kwa hiyo beki aliyeondoka kwake kwenda kusaidia hawezi kurudi kwa wakati.

Upepo nao una neno lake. Kusi ikivuma kwa nguvu, mpira wa juu kwa nyota ni wa kubahatisha, unasukumwa kando au unarudi nyuma. Pasi ya chini kwa yule mtu huru hufika. Timu inayojua hili inampeleka nyota wake upande mmoja kwa makusudi, inawavuta wakabaji huko, kisha inaupeleka mpira upande wa pili kwa pasi mbili za chini. Kocha anayefanya hivi hahitaji ubao wala kompyuta. Anahitaji vijana watatu wanaokubali kukimbia wakijua kwamba pengine hawatapewa mpira.

Hilo ndilo gumu kulifundisha, kwa sababu mtoto anayecheza ufukweni hukimbilia mpira, na waliokosa kutazama mechi kwenye runinga walikosa pia kuona wakubwa wakikimbia bila mpira. Njia ninayoipenda ni kubadili hesabu ya mabao mazoezini. Bao la nyota lihesabiwe moja. Bao la mwenzake, lililofungwa baada ya nyota kugusa mpira au kumvuta mkabaji wa pili, lihesabiwe mawili. Nyota mwenyewe ataanza kuwatafuta wenzake, na wenzake wataanza kukimbilia nafasi kabla mpira haujafika. Wakipewa mwezi mzima wa kucheza hivyo, mabao ya timu hayatategemea mguu mmoja.

Siku ya mechi, iwe ni katika uwanja wa Waamo, Kisimayu, au ufukweni, mpe mchezaji wa akiba kazi: kila mara watu wawili wanapomwendea nyota, aweke kokoto moja kwa upande ambako mwenzake aliachwa huru, kushoto, kulia au katikati. Wakati wa mapumziko kocha ataangalia rundo lililo kubwa, na ndiko mashambulizi ya kipindi cha pili yaelekezwe.